Kwa nini sumu ya bunju huanza kwenye midomo na kuishia kwenye pumzi?

Binti Sahare

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninauza samaki hapa Tanga mjini, na tangu utotoni nimewasikia wazee wetu wakisema kwamba bunju akinaswa kwenye nyavu harudi nyumbani na wavuvi. Hutupwa baharini au hufukiwa mchangani asije akaokotwa na mtoto. Katazo hilo silipingi hata kidogo. Ninachotaka kukielewa ni jinsi sumu yake inavyofanya kazi mwilini, kwa sababu masimulizi ninayoyapata kwa wavuvi wa sehemu mbalimbali yanafanana mno. Aliyemla huanza kuhisi ganzi kwenye midomo na ncha ya ulimi, kisha vidole navyo vinaingia ganzi, miguu inalegea, sauti inapotea, na mwisho kifua kinashindwa kupanda. Walionusurika husema kwamba walikuwa wakisikia kila neno lililosemwa karibu nao, hata maneno ya watu waliokwisha kukata tamaa, ila hawakuweza kuinua hata kope.

Shuleni tulifundishwa kwamba mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwa umeme. Ikiwa ni umeme kweli, nyama ya samaki inaukataje? Na kwa nini iukate kifuani, halafu moyo na akili viendelee? Ninaomba mwenye elimu anieleze kwa kirefu. Subira ya kusoma ninayo.

Mwalimu wa Biolojia, Chumbageni

Wa alaykum salaam, dada. Umeuliza swali zuri sana, kwa maana neva hueleweka vizuri zaidi tunapotazama kitu kinachoizuia. Niruhusu nianze na neva iliyo nzima.

Neva inayoonekana kwa macho ni fungu la nyuzi nyingi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Mkono huo huitwa aksoni. Seli inayoamrisha misuli midogo ya wayo wako imekaa mgongoni, ndani ya uti, na aksoni yake hushuka mpaka mguuni, urefu wa karibu mita moja, ilhali unene wake hauzidi sehemu moja ya hamsini ya milimita. Umeme wa nyumbani ni elektroni zinazopita ndani ya waya wa shaba. Ndani ya aksoni hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna majimaji yenye chumvi, na chumvi hizo ndizo zinazofanya kazi yote.

Chumvi inapoyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji. Nje ya seli kuna ioni nyingi za sodiamu, kiasi cha mara 10 au zaidi kuliko ndani. Potasiamu ni kinyume chake, imejaa ndani na nje ni haba. Tofauti hiyo hudumishwa na pampu za protini zilizomo katika utando wa seli, ambazo kila zinapotoa ioni 3 za sodiamu huingiza ioni 2 za potasiamu, usiku na mchana, kwa nguvu inayotokana na chakula tunachokula. Mdenishi Jens Christian Skou ndiye aliyeigundua kazi ya pampu hii mwaka 1957, akitumia neva za miguu ya kaa, na mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa kuwa potasiamu huvuja kidogo kidogo kwenda nje na kuondoka na chaji chanya, upande wa ndani wa aksoni iliyotulia hubaki na chaji hasi, kwa kawaida kama milivolti 70 chini ya upande wa nje.

Sasa tuje kwenye milango. Utando wa aksoni umejaa protini zenye tundu katikati, na tundu hilo hufunguka pale tu volteji ya mahali hapo inapobadilika vya kutosha. Upande wa ndani ukipanda kutoka hasi 70 hadi kufikia hasi 55 hivi, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na kwa muda usiofika milisekunde moja upande wa ndani unageuka kuwa chanya. Papo hapo milango hiyo hujifunga yenyewe, milango ya potasiamu nayo hufunguka, potasiamu hutoka, na hali ya awali hurejea.

Kinachosafiri katika neva ni mabadiliko hayo. Sodiamu iliyoingia hapa huitikisa volteji ya sehemu ya jirani, milango ya jirani hufunguka, nayo huitikisa sehemu inayofuata. Fikiria moto unaopita kwenye uwanja wa nyasi kavu: hakuna jani linalosafiri, kila jani huwasha la mbele yake, na moto unaofika mwisho wa uwanja una nguvu ileile uliyokuwa nayo mwanzo. Tena haurudi nyuma, kwa sababu palipokwisha kuungua hapawaki. Vivyo hivyo milango ya sodiamu iliyotoka kujifunga hukaa kwa kitambo kidogo bila kuweza kufunguka. Tofauti iliyopo ni kwamba aksoni huwa tayari tena baada ya milisekunde chache, na nyingine zinaweza kupitisha ishara mamia kwa sekunde.

Jambo ambalo wanafunzi wangu huchelewa kulikubali ni kwamba ishara ya maumivu makali si kubwa kuliko ya maumivu madogo. Ukubwa wa kila ishara katika aksoni moja ni uleule; kinachobadilika ni idadi ya ishara kwa sekunde na idadi ya nyuzi zinazoshiriki. Edgar Adrian wa Cambridge alilithibitisha hilo katika miaka ya 1920, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Hapo ndipo bunju anapoingia. Sumu yake huitwa tetrodotoksini, na molekuli yake ina umbo linalokaa sawasawa kwenye mdomo wa mlango wa sodiamu, kwa upande wa nje, na kuuziba. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake wawili, John Moore na William Scott, waliweka sumu hii kwenye aksoni nene za kamba kochi, wakaona kwamba njia ya sodiamu imezibwa huku ya potasiamu ikiendelea kama kawaida. Kwa hiyo dada, sumu haichomi neva wala haiikati. Pampu inafanya kazi, chaji ipo, seli ni hai kabisa. Mlango umezibwa tu, na ishara inaishia hapo.

Ninaongeza jambo moja, kwa sababu wewe samaki ndiyo kazi yako. Ukipasua ngisi, tazama ndani ya ule mfuko wake, karibu na shingo, upande wa kulia na wa kushoto. Utaona kifundo kidogo chenye umbo la nyota, na nyuzi nyeupe zikitawanyika kutoka hapo kwenda kwenye nyama ya mfuko. Ndani ya nyuzi hizo kuna aksoni nene kupita kiasi, ambayo kwa aina fulani za ngisi hukaribia milimita moja. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walizitumia huko Plymouth, Uingereza, wakafaulu kupenyeza waya mwembamba ndani yake na kupima volteji mwaka 1939. Maelezo yao kamili ya milango ya sodiamu na potasiamu yalitoka mwaka 1952, na Tuzo ya Nobel wakaipata mwaka 1963 pamoja na John Eccles. Katikati ya miaka hiyo, Hodgkin na Bernard Katz walipunguza sodiamu katika maji ya bahari yaliyoizunguka aksoni ya ngisi, na kimo cha ishara kikapungua. Sijui jaribio jingine linaloonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba fahamu zetu zinakwenda kwa chumvi.

Muuguzi wa Pangani

Mwalimu ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa mgonjwa, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya mtu yanapookolewa au kupotea.

Midomo, ulimi na ncha za vidole zina neva za hisia zilizosongamana sana, hivyo upungufu mdogo wa ishara huhisiwa huko mapema, mara nyingi ndani ya saa moja baada ya kula, ingawa wakati mwingine huchelewa zaidi. Baadaye huzuiwa neva zinazokwenda kwenye misuli, na mtu hulegea. Mwisho ni kupumua. Hapa, Binti Sahare, ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu kifua na moyo. Kila pumzi unayovuta inahitaji amri mpya kutoka sehemu ya chini ya ubongo, amri inayoshuka kwa neva hadi kwenye ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ikinyamaza, msuli huo haujui la kufanya. Moyo hauko hivyo. Moyo una seli zake zenyewe zinazoanzisha mapigo, na neva huuharakisha au kuupunguza kasi tu. Zaidi ya hayo, milango ya sodiamu ya misuli ya moyo ina tofauti ndogo katika muundo wake, kiasi kwamba ili izibwe inahitaji sumu zaidi ya mara 100 ya ile inayoziba milango ya neva. Shinikizo la damu laweza kushuka, lakini moyo huendelea kupiga mpaka unapokosa oksijeni.

Kuhusu akili, sumu hii haipenyi kwa urahisi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kulala kama maiti huku akisikia kila kitu. Ninawasihi wote wanaosoma hapa: msimsemee maneno ya msiba mtu wa namna hiyo, na msimfunike shuka. Mweleze kinachoendelea, mtajie jina lake, mwambie kwamba mpo naye.

Hakuna sindano ya kuondoa sumu hii. Kilichopo ni kumpumulia mpaka mwili wake uitoe. Mtu akianza kuhisi ganzi ya midomo baada ya kula samaki, apelekwe hospitali hapohapo bila kusubiri kuona kama itazidi. Asipewe kitu chochote cha kunywa, kwa sababu misuli ya kumeza nayo inalegea na kinywaji kitaingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu. Pumzi ikikoma njiani, alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, pua ibanwe, apulizwe mdomo kwa mdomo pumzi moja kila baada ya sekunde 5 au 6, na kazi hiyo ipokezanwe bila kukoma mpaka mfike penye mashine.

Nahodha Kigombe

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Nina mambo mawili. La kwanza, wapo vijana wanaosema kwamba bunju akitolewa matumbo, akachemshwa sana na kutiwa tui la nazi, anakuwa salama, na wengine hutoa mfano wa Japani ambako analiwa hotelini. La pili ni langu mwenyewe: kama sumu hii huziba neva za kila kiumbe, bunju mwenyewe anaogeleaje?

Muuguzi wa Pangani

Marahaba, Nahodha. Kwa la kwanza nitasema bila kuzunguka. Moto wa jikoni hauivunji tetrodotoksini, na tui halina uwezo wowote juu yake. Sumu hukaa zaidi kwenye ini na mayai, lakini kwa aina nyingi ipo pia kwenye ngozi na matumbo, na kwa baadhi hata nyama yenyewe inayo. Kiasi chake hutofautiana kati ya aina na aina, na kati ya msimu na msimu. Japani wanaomtayarisha samaki huyo hupewa leseni baada ya mafunzo na mtihani, aina zinazoruhusiwa zinajulikana kwa majina, na ini lake limepigwa marufuku kuuzwa mahotelini. Sisi hapa hatuna utaratibu huo, kwa hiyo katazo la wazee ndilo sahihi.

Mwalimu wa Biolojia, Chumbageni

La pili nitalijibu mimi. Mlango wa sodiamu ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino. Katika bunju, baadhi ya asidi amino zilizopo kwenye mdomo wa mlango zimebadilika, basi sumu haipati pa kushika, ilhali sodiamu inapita kama kawaida. Wataalamu wanakubaliana pia kwamba sumu yenyewe hutengenezwa na bakteria. Bunju huipata kupitia chakula chake na kuilimbikiza. Bunju waliofugwa kwa chakula kisicho na bakteria hao huwa na sumu kidogo mno au hawana kabisa.

Mkulima wa Muheza

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, nami nina swali linalokaribiana nao. Huku kwetu baadhi ya dawa za kunyunyizia mazao humfanya mtu asiyejikinga atoke jasho na mate kwa wingi, mboni za macho zikasinyaa, misuli ikachezacheza, na mwisho naye akashindwa kupumua. Je, nazo huziba mlango huohuo wa sodiamu?

Mwalimu wa Biolojia, Chumbageni

Hapana, ndugu yangu, na ninafurahi umeuliza, kwa sababu mpaka sasa tumezungumzia uzi wenyewe tu. Hatujafika mwisho wake. Aksoni haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mwembamba, takriban sehemu moja ya elfu ishirini ya milimita, ambao mabadiliko ya volteji hayawezi kuuvuka. Mahali hapo panaitwa sinapsi.

Ishara inapofika mwisho wa aksoni, hufungua milango ya aina nyingine, ya kalsiamu. Kalsiamu inayoingia huvifanya vifuko vidogo vilivyojaa kemikali vipasukie kwenye mwanya, na kemikali hiyo huvuka upande wa pili ndani ya muda usiofika milisekunde moja, ikashika vipokezi vya msuli, na vipokezi hivyo hufungua njia ya ioni. Msuli hukaza. Kemikali inayotumika kati ya neva na misuli ya mwili ni asetilikolini.

Aliyeonyesha kwamba neva huzungumza kwa kemikali ni Otto Loewi, mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga, akaisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, kisha akachukua yale majimaji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili ambao haukuguswa. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo. Kitu kilichotoka kwenye neva kilikuwa kimesafiri ndani ya majimaji. Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Sasa dawa zako. Asetilikolini ikishafikisha ujumbe lazima iondolewe, la sivyo msuli utaendelea kuamrishwa. Kuna kimeng'enya katika mwanya kinachoivunja kwa kasi kubwa. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hukizuia kimeng'enya hicho, asetilikolini ikarundikana, tezi za jasho na mate zikafanya kazi bila kikomo, misuli ikatetema na hatimaye ikachoka na kulegea. Kwa nje mwisho wake unafanana na wa bunju, yaani pumzi kukoma, lakini njia ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ina maana kubwa hospitalini: kwa oganofosfeti kuna dawa, ikiwemo atropini, ambayo huzuia baadhi ya vipokezi vinavyoshambuliwa na asetilikolini iliyozidi. Mwenye kumpeleka mgonjwa achukue na chupa ya dawa iliyotumika, ili daktari aisome.

Sumu za nyoka nazo zimegawana mahali pa kushambulia. Sumu ya fira hukaa kwenye vipokezi vya msuli na kuizuia asetilikolini isivishike. Ya koboko ina mchanganyiko, na sehemu yake moja huziba milango ya potasiamu, hivyo ishara hukawia kuzimika na kemikali humwagwa kupita kiasi.

Binti Sahare

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Muuguzi, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimempasua ngisi leo asubuhi, na ile nyota nimeiona upande wa kushoto, nyuzi zake zikiwa wazi kabisa juu ya ngozi ya ndani. Nimebaki na swali moja. Mgonjwa akipumuliwa kwa muda wote huo, neva zake hurudi kuwa nzima, au hubaki na kilema?

Muuguzi wa Pangani

Hurudi, dada. Molekuli ya sumu haijagandamana na mlango moja kwa moja; hushika na kuachia, na kadiri figo zinavyoitoa kwenye mkojo ndivyo milango mingi zaidi inavyobaki wazi. Anayevuka saa 24 kwa kawaida hupona, na kwa sababu seli zenyewe hazikuharibiwa, hisia na nguvu hurejea hatua kwa hatua. Ni jambo lilelile unaloliona kwa daktari wa meno, ambako sindano ya ganzi huzuia milango ya sodiamu ya taya, na baada ya saa chache ulimi unahisi tena. Kilema kinachoweza kubaki husababishwa na ubongo kukosa hewa, na hutokea pale pumzi ilipokoma na hakuna aliyempulizia.